Kununua meza ya kuandikia ya Kifaransa ya karne ya 18: mwongozo kamili wa kuikagua kabla ya kulipa

Tangazo lenyewe huwa fupi. Meza ndogo ya kuandikia, ya Kifaransa, maketri ya maua, mapambo ya shaba, ngozi juu, droo tatu. Picha mbili: moja ya mbele, moja ya juu. Bei inaweza kuwa ya pikipiki, inaweza kuwa ya nyumba, na mara nyingi kinacholeta tofauti hiyo hakimo kwenye picha yoyote kati ya hizo mbili.

Mwongozo huu ni wa wenzetu walioko Paris, Brussels au London ambao wikiendi hupita masoko ya vitu vya kale, na wa aliyeko Nairobi au Dar anayenunua mnadani kwa mtandao. Msimamo wangu ni mmoja, nao utauona kila hatua: uso wa meza ni shahidi wa kutiliwa shaka. Uso ulitengenezwa ili utazamwe, na kila aliyeigusa meza baadaye, awe fundi wa matengenezo, dalali au mghushi, alianzia hapo. Ukweli uko chini, ndani ya droo na nyuma ya kitasa, mahali ambapo hakuna aliyetarajia mteja achungulie.

Kwanza ujue unatazama nini

Maketri ni tofauti na njumu tuliyoizoea. Kwenye kiti cha enzi cha Lamu, fundi huchimba mbao na kupachika kipande cha pembe. Kwenye maketri kiunzi hakichimbwi. Ua, jani na mandhari yake hukatwa kwa msumeno mwembamba katika vipande vya vinia, yaani mbao nyembamba sana, vikapangwa na kubandikwa juu ya kiunzi cha mwaloni au msonobari kwa gundi ya moto inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kivuli kwenye petali hakikupakwa rangi: fundi alichovya ukingo wa kipande kwenye mchanga wa moto hadi ukaungua kidogo.

Mbao utakazosikia zikitajwa sana ni "bois de rose" ya Brazili, yenye michirizi ya waridi, na "amarante" ya Amerika ya Kusini, ambayo ikikatwa upya huwa ya kijivu-kahawia, kisha hewa na mwanga huigeuza zambarau. Hiyo ya kwanza ni ya jenasi ya Dalbergia, ukoo mmoja na mpingo wetu. Likumbuke hilo mpaka tufike forodhani.

Kwa mtindo, angalia miguu. Miguu iliyopinda, isiyo na mstari ulionyooka popote, ni ya enzi ya mfalme Louis XV. Miguu iliyonyooka inayokwenda ikipungua kuelekea chini ni ya Louis XVI, aliyetawala kuanzia 1774. Kati ya hizo mbili, takriban 1760 hadi 1775, kuna kipindi kinachoitwa "Transition", na huko ndiko kuliko na meza ndogo nzuri kuliko zote kwa jicho langu: umbo limeanza kutulia lakini bado lina ulaini wa zamani.

Majina makubwa ni machache. Jean-François Oeben alisifika kwa meza zenye mitambo iliyofichwa. Alifariki 1763 akiacha kazi ya meza ya mfalme Louis XV haijakamilika. Jean-Henri Riesener, aliyekuwa fundi karakanani mwake, ndiye aliyeimaliza na kuifikisha Versailles mwaka 1769, tena akamwoa mjane wa bosi wake. Charles Topino alipenda kupanga kwenye maketri picha za buli, vikombe na vyombo vya maua, na meza zake zilikuwa ndogo, za kubebwa kutoka chumba hadi chumba.

Halafu kuna karne ya 19. Kuanzia enzi ya Napoleon III (1852–1870), matajiri wa Ulaya walitaka tena mitindo ya wafalme, na mafundi hodari kama Henry Dasson, Paul Sormani na baadaye François Linke waliitengeneza upya kwa ubora wa hali ya juu. Meza za Linke ni ghali kwa jina la Linke lenyewe, na hazidanganyi mtu. Kwa hiyo usiingie dukani ukiwa na maneno mawili tu, halisi na feki. Kuna ya karne ya 18, kuna ya karne ya 19 iliyotengenezwa kwa heshima, kuna ya karne ya 20 ya kujazia sebule, na kuna iliyoundwa ili imdanganye mtu. Uhalifu ni hiyo ya mwisho peke yake, ila zote nne zinaweza kupangwa mstari mmoja kwenye banda moja la Saint-Ouen, soko la vitu vya kale la Paris.

Ukiwa London, pita Wallace Collection, kuingia ni bure. Utaona kazi za Riesener mwenyewe na pia nakala ya ile meza ya mfalme iliyotengenezwa miaka ya 1850. Kusimama mbele ya nakala bora hufundisha kuliko kusoma kurasa mia.

Hatua ya 1: Soma tangazo kama unavyosoma mkataba

Ufaransa ina amri ya serikali ya tarehe 3 Machi 1981 inayosimamia maneno ya muuzaji wa vitu vya kale. Akiandika "époque Louis XV", anakuhakikishia kisheria kwamba kitu kimetengenezwa enzi hiyo. Akiandika "style Louis XV" au "de style", hajakuhakikishia chochote kuhusu umri. Meza ya mwaka 1960 ni halali kuitwa "style Louis XV". Wanunuzi wengi wageni huliona jina la mfalme wakaliruka neno lililotangulia, na hapo ndipo hela inapopotea bila mtu yeyote kusema uongo.

Kwa jina la fundi hali ni hiyo hiyo. "Attribué à" maana yake kitu ni cha enzi ya fundi huyo na kuna sababu nzito za kudhani ni chake. "Dans le goût de" au "genre" hazibebi dhamana yoyote. Na ikiwa kipande kimefanyiwa matengenezo mengi au kimebadilishwa, muuzaji anatakiwa aseme. Akiwa mzungumzaji mzuri sana ana kwa ana lakini karatasi yake ni fupi, fuata karatasi.

Hatua ya 2: Omba picha ambazo hakukupa

Kama hununui ana kwa ana, mwandikie muuzaji kwa adabu umwombe picha hizi: meza ikiwa imelazwa, upande wa chini mzima uonekane; kila droo ikiwa imetolewa, ubavuni na chini; tundu iliyotoka droo; kitasa kwa karibu pamoja na skrubu zake; kona mbili za vinia; nyayo za miguu; na uso wa meza ukiwa umemulikwa tochi kutoka ubavuni, siyo kutoka juu. Kwenye mnada, iitishe pia ripoti ya hali ya kitu, huwa ni bure. Muuzaji mzuri hutuma vyote ndani ya siku moja au mbili. Anayekujibu kwamba meza ni nzito, haiwezi kugeuzwa, wakati ni meza ya kuandikia ya mwanamke mmoja iliyoundwa ili ihamishike, amekujibu tayari.

Hatua ya 3: Chini na ndani

Hapa tumia muda wako mwingi. Ukiwa sokoni, omba ruhusa, vua saa na pete zisikwaruze, piga magoti.

Anza na rangi ya mbao zisizopakwa kitu. Mwaloni uliokaa hewani miaka 250 huwa mkavu, wa kijivu-kahawia, na haufanani kila mahali: penye kushikwa na mikono ni mweusi wenye mafuta, pembeni mwa kitasa kuna alama zake, ndani kabisa ambako hewa haifiki ni mweupe zaidi. Rangi moja iliyolingana kila kona, hasa kahawia yenye maji-maji, ni rangi ya kopo. Lowesha kidole, paka mahali pa siri. Kidole kikitoka na rangi, kuna mtu alitaka mbao ionekane ya zamani.

Toa droo nzima, uigeuze. Mtoto wa meza aliyevutwa na kurudishwa vizazi kumi huacha msuguano sehemu mbili: kwenye ukingo wake wa chini na kwenye mbao aliyokuwa akiteleza juu yake. Msuguano huo lazima ulingane. Droo iliyolika sana ndani ya kiunzi ambacho hakijalika imetoka kwenye meza nyingine, au kiunzi ni kipya. Pembe za droo huunganishwa kwa meno yenye umbo la mkia wa ndege. Yaliyokatwa kwa mkono hayalingani upana, na mara nyingi utaona mstari mwembamba wa kuchorea ambao fundi aliupiga kabla ya kukata. Meno yaliyolingana kama ya kitana ni ya mashine.

Angalia skrubu. Za karne ya 18 zilichongwa kwa mkono: mfereji wa bisibisi haupo katikati kabisa, hesi hazilingani, na ncha ni butu. Skrubu zenye ncha kali zilienea baada ya miaka ya 1840. Skrubu moja mpya haihukumu meza, kwa sababu vitasa hubadilishwa. Zikiwa zote mpya na hakuna tundu la zamani karibu yake, hapo uliza.

Sasa matundu ya wadudu. Mdudu wa samani wa Ulaya akitoka kwenye mbao huacha tundu la duara la milimita 1.5 hadi 2. Matundu yenyewe si tatizo kubwa kama ni ya zamani: ukingo umechakaa na ndani ni peusi. Ukiona vumbi la unga laini chini ya meza na ukingo wa tundu ni mweupe, wadudu bado wapo. Lakini kinachonivutia zaidi ni mifereji. Mdudu hutembea ndani ya mbao na hatokei ila kwa tundu la duara. Ukiona njia yake ndefu iliyopasuliwa wazi, kama mtaro kwenye uso wa mbao ya kiunzi, basi mbao ile ilipasuliwa baada ya kubunguliwa. Yaani mtu alichukua mbao kuukuu akaunda kitu kipya. Hiyo ndiyo mbinu ya mghushi aliyesoma, anayejua kwamba utapiga magoti.

Chukua futi ya kupimia pia. Mbao husinyaa kukatisha nyuzi, siyo kufuata nyuzi. Meza ya duara ya karne ya 18 ukiipima pande mbili itapishana milimita kadhaa. Ya mstatili itakuwa na nyufa nyembamba usoni zinazofuata maungio ya mbao zilizo chini ya vinia. Nyufa hizo wengi huziona kama kasoro, mimi huziona kama cheti.

Hatua ya 4: Chapa ya fundi

Kanuni za chama cha maseremala wa Paris, zilizosajiliwa 1751, zilimtaka kila fundi mkuu apige chapa ya jina lake kwenye kazi. Wakaguzi wa chama wakiridhika walipiga herufi JME pembeni. Chama kilifutwa 1791. Chapa huwa mahali pa kujificha: chini ya fremu, juu ya mguu wa nyuma, chini ya mbao inayobeba droo. Wengine waliandika jina zima, wengine herufi tu: RVLC ni Roger Vandercruse, aliyeitwa pia Lacroix, BVRB ni Bernard van Risen Burgh.

Kukosekana kwa chapa si ushahidi wa ughushi. Mafundi wa mfalme hawakulazimika kuipiga, na wale waliofanya kazi huru mtaa wa Saint-Antoine nje ya chama pia hawakuipiga. Na kuwepo kwake si ushahidi wa uhalisi, maana chuma cha kupigia chapa kinaweza kuchongwa na yeyote. Tena fundi aliyefanya matengenezo tu aliweza kupiga yake. Itazame kwa kioo cha kukuzia: chapa ya kweli ilididimiza nyuzi za mbao, na uchafu wa miaka umejaa ndani ya herufi kwa kiasi kile kile kilichoko pembeni. Herufi safi katikati ya mbao chafu ni habari mbaya.

Usione haya kuwa na shaka. Mapema karne ya 20, André Mailfert wa Orléans aliendesha karakana nzima ya samani za kughushi, baadaye akajitokeza mwenyewe kusimulia alivyofanya. Na mwaka 2016 ilijulikana kwamba kasri la Versailles, pamoja na wataalamu wake wote, lilikuwa limenunua viti vya kughushi vilivyodaiwa kuwa vya karne ya 18.

Hatua ya 5: Sasa unaweza kupanda juu

Pitisha kiganja polepole juu ya maketri. Uso wa kale hauwi tambarare kama kioo. Gonga kwa kucha taratibu: mlio wa uwazi unakuambia vinia imeachia gundi hapo. Mahali pawili patatu ni kawaida, nusu ya meza ni gharama.

Unene wa vinia uone kwenye ukingo wa droo au kwenye tundu la ufunguo. Iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono huwa karibu milimita 1 hadi 2. Ya kisasa iliyomenywa kwa kisu cha mashine huwa kama milimita 0.6. Ila vinia nyembamba inaweza kuwa ya zamani iliyolambwa na msasa, kwa hiyo tazama michoro. Fundi akimaliza kubandika alichora kwa ncha ya chuma mishipa ya majani na mikunjo ya petali, akajaza nta nyeusi. Mistari hiyo haina kina. Ikiwa ua limebaki doa tupu, lisilo na mshipa hata mmoja, mtu aliliparuza, na hakuna fundi atakayeirudishia meza hiyo uso wake. Hilo hushusha bei kuliko kipande kilichopotea, ingawa ukilitazama kwa haraka linaonekana safi zaidi.

Kuhusu rangi: usitafute meza yenye rangi za kupendeza za asali na kahawia ukadhani ndivyo ilivyozaliwa. Meza hizi zilikuwa na kelele. Majani yalikuwa kijani, mandhari zambarau, maua mekundu na buluu, kwa mbao zilizotiwa rangi. Mwanga ndio uliozituliza. Kwa hiyo penye kivuli cha kudumu, mfano ukingo uliojificha ndani ya droo au chini ya pambo la shaba lililolegea, lazima rangi iwe tofauti na iliyo nje. Kahawia ile ile ndani na nje ina maana rangi ilipakwa siku moja.

Ngozi ya juu karibu kila mara imebadilishwa. Isikusumbue.

Hatua ya 6: Shaba

Mapambo bora ya karne ya 18 yalipakwa dhahabu kwa zebaki na moto, kazi iliyoua mafundi wengi kwa sumu ya moshi wake. Dhahabu hiyo ni nzito, na ukiitazama kwa karibu utaona sehemu zilizosuguliwa zikang'aa na nyingine zilizoachwa bila mng'ao kwa makusudi. Upakaji kwa umeme ulianza miaka ya 1840, nao huwa mwembamba na sare. Geuza pambo moja kama linatoka: mgongo wa la kale una alama za kalibu na tupa. Alama ndogo ya herufi C yenye taji ni ya kodi iliyotozwa kwenye shaba kati ya 1745 na 1749 tu, hivyo ukiikuta kwenye meza ya Louis XVI mtindo wa 1780, kuna maelezo yanayodaiwa.

Hatua ya 7: Piga hesabu nzima

Bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho inayotangazwa mnadani, siyo bei utakayolipa. Nyumba za mnada humtoza mnunuzi juu yake robo au zaidi. Tuseme nyundo imeanguka kwenye euro 4,000 na tozo ni asilimia 28: tayari ni 5,120, kabla ya kufunga, kusafirisha, bima na fundi. Andika kiwango chako cha juu kwenye karatasi ukiwa umeshajumlisha yote hayo, na mnada ukikipita funga simu. Kwa dalali wa dukani, adabu na kasoro ulizoziona ukiwa umepiga magoti zina nguvu kuliko kupayuka bei. Mwambie ulichokiona, nyamaza, msubiri yeye.

Risiti iandikwe neno lile lile la tangazo: enzi, mbao, chapa, na matengenezo yanayojulikana. Bila neno "époque" kwenye risiti, lile la mdomoni limeenda na upepo.

Hatua ya 8: Vibali na safari

Dalbergia zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa iliyokamilika yenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa shehena ilisamehewa mwaka 2019, na vinia ya meza ndogo ni chini ya hapo kwa mbali. Mbao ya Dalbergia nigra ya Brazili haimo kwenye msamaha huo, kwa hiyo muuzaji aandike aina ya mbao. Hatari kubwa ni pembe za ndovu na gamba la ng'amba, linaloonekana sana kwenye samani za mtindo wa André-Charles Boulle, fundi wa enzi ya Louis XIV. Uingereza sheria yake ya pembe ilianza kutumika Juni 2022, na Kenya hakuna haja ya kuelezana. Kama meza ina hata kitufe cha pembe na unakusudia kuivusha mpaka, achana nayo au pata kibali kwanza, kulipa baadaye.

Samani yenye zaidi ya miaka 100 ina kifungu chake cha forodha, 97.06, tofauti na samani za kawaida. Mpe wakala wako risiti yenye tarehe kabla mzigo haujaondoka. Sanduku liwe la mbao iliyopashwa joto kwa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao, yenye mhuri wake, la sivyo bandari inaweza kulizuia. Droo zitolewe na zifungwe peke yake. Wabebaji washike fremu, kamwe wasishike uso wa juu.

Hatua ya 9: Ikishaingia nyumbani

Meza hizi hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, na zaidi ya kiwango hupenda utulivu. Mombasa au Zanzibar kinachoiumiza ni kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi: mbao inavimba na kusinyaa kila siku, gundi inaachia. Chagua chumba kimoja, hali moja. Isikae karibu na dirisha la jua, na miguu isigusane na ukuta wenye unyevu, maana mchwa hawaheshimu karne.

Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu, na kwanza uangalie kama kuna vinia iliyonyanyuka, usije ukaing'oa kwa uzi. Nta ya nyuki kidogo mara moja kwa mwaka inatosha. Mafuta ya nazi, dawa za kupulizia na vanishi mpya ni marufuku. Shaba usiiguse na dawa ya kung'arishia, itaondoka na dhahabu: brashi laini tu.

Kipande kikidondoka, usitafute gundi ya dukani. Kiweke ndani ya bahasha, andika kilipotoka, piga picha tundu lake, na umtafute fundi anayetumia gundi ya wanyama, ambayo mwingine baada yake ataweza kuifungua kwa maji ya moto.